Christopher Strachey

Christopher Strachey (16 Novemba 1916 – 18 Mei 1975) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uingereza. Ni mmoja wa waanzilishi wa nadharia ya lugha za programu, na alikuwa profesa wa kwanza wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Oxford. Anakumbukwa kwa programu yake ya kucheza drafti, kwa kuongoza utengenezaji wa lugha ya CPL ambayo ni babu wa lugha ya C, kwa jenereta ya makro iitwayo GPM, na kwa kuanzisha semantiki ya denotesheni pamoja na Mmarekani Dana Scott.

Kabla ya kuingia katika kazi ya kompyuta alikuwa mwalimu wa shule kwa karibu miaka saba. Alifikia cheo cha profesa bila shahada ya uzamivu, na kwa shahada ya kwanza yenye daraja la kawaida tu.

Familia na utoto

Strachey alizaliwa Hampstead, mjini London, katika ukoo uliojulikana sana kwa wasomi na waandishi. Baba yake, Oliver Strachey, alikuwa mtaalamu wa kufumbua maandishi ya siri, na aliitumikia serikali ya Uingereza kwa kazi hiyo katika vita vikuu vyote viwili vya dunia. Mama yake, Ray Strachey, alisoma hisabati na baadaye akawa mmoja wa viongozi wa harakati za kudai haki ya wanawake kupiga kura. Mwaka 1928 alichapisha kitabu juu ya historia ya harakati hizo, ambacho kinasomwa hadi leo.

Baba zake wadogo walikuwa Lytton Strachey, mwandishi mashuhuri wa maisha ya watu, na James Strachey, aliyetafsiri kwa Kiingereza kazi za Sigmund Freud. Dada ya bibi yake mzaa mama alikuwa mke wa kwanza wa mwanafalsafa Bertrand Russell. Christopher alikuwa na dada mmoja aliyemtangulia kuzaliwa, Barbara. Familia iliishi Gordon Square, katika mtaa wa Bloomsbury, uliokuwa makazi ya waandishi na wasanii wengi wa wakati huo.

Elimu

Akiwa na umri wa miaka 13 Strachey alipelekwa katika shule ya Gresham's iliyopo Holt, Norfolk. Alionyesha kipaji, lakini matokeo yake hayakuwa ya kung'aa. Mwaka 1935 alijiunga na chuo cha King's katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati, kisha akahamia sayansi za asili. Hapo King's alifahamiana na Alan Turing, aliyekuwa msomi kijana wa chuo hicho. Wakati huo Turing alikuwa akiandika makala yake juu ya mashine za kukokotoa, lakini hakuna dalili kwamba Strachey alivutwa na fani hiyo akiwa mwanafunzi.

Mwishoni mwa mwaka wake wa tatu alipatwa na msongo mkubwa wa akili. Waandishi wa maisha yake wameuhusisha na ugumu wa kijana huyo kuikubali hali yake ya kuvutiwa na wanaume wenzake, katika nchi ambayo sheria ilihesabu uhusiano wa namna hiyo kuwa jinai hadi mwaka 1967. Alirudi masomoni, lakini mwaka 1939 alimaliza na daraja la pili la chini. Kwa matokeo hayo, mlango wa kuendelea na utafiti chuoni ulifungwa.

Vita na miaka ya ualimu

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Strachey aliajiriwa na kampuni ya Standard Telephones and Cables. Kazi yake ilikuwa kufanya mahesabu ya valvu za elektroni zilizotumika katika rada. Mahesabu hayo yalikuwa magumu mno kufanywa kwa mkono, kwa hiyo alitumia mashine ya kukokotoa milinganyo iliyoendeshwa kwa magurudumu na mihimili. Hapo ndipo alipoonja kwa mara ya kwanza utamu wa kuifanya mashine itatue hesabu.

Mwaka 1945 aliacha kiwanda, akawa mwalimu wa fizikia na hisabati katika shule ya St Edmund's mjini Canterbury. Mwaka 1949 alihamia Harrow, mojawapo ya shule maarufu zaidi nchini Uingereza, na alifundisha huko hadi mwaka 1952.

Programu ya drafti

Mwezi Januari 1951 rafiki mmoja alimtambulisha Strachey kwa Mike Woodger, mtafiti wa Maabara ya Taifa ya Fizikia. Maabara hiyo ilikuwa imejenga kompyuta iitwayo Pilot ACE kufuatana na mawazo ya Turing. Baada ya siku moja ya kuiangalia na kuulizia inavyofanya kazi, Strachey alirudi Harrow na kuanza kuandika, katika muda wake wa mapumziko, programu ya kucheza drafti (mchezo unaoitwa pia dama).

Uchaguzi huo haukuwa wa mzaha. Wakati ule kompyuta zilitumika karibu kwa hesabu za namba peke yake. Strachey alitaka kujua kama mashine inaweza kupanga hatua, kulinganisha njia mbalimbali na kuchagua iliyo bora. Programu yake ilitazama hatua kadhaa mbele, ikahesabu kete zilizobaki kila upande, kisha ikachagua.

Jaribio la kwanza lilifanyika mwezi Julai 1951, lakini halikufanikiwa: programu ilikuwa kubwa kupita kumbukumbu ya Pilot ACE. Strachey aliposikia kwamba Chuo Kikuu cha Manchester kina mashine mpya, Ferranti Mark 1, yenye kumbukumbu kubwa zaidi, alimwandikia Turing, ambaye sasa alikuwa huko, akaomba kitabu cha maelekezo. Katika majira ya kiangazi ya mwaka 1952 programu iliweza kucheza mchezo mzima kwa mwendo wa kuridhisha. Mwezi Septemba mwaka huo aliieleza katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Toronto, Kanada. Mmarekani Arthur Samuel aliendeleza wazo hilo kwa kuifundisha mashine drafti hadi ijifunze kutokana na michezo yake yenyewe.

Usiku wa Manchester

Turing alimshauri Strachey aanze kwa kuandika programu ya kufuatilia utendaji wa programu nyingine, hatua kwa hatua, ili makosa yaonekane. Strachey alirudi Manchester na programu yenye amri zipatazo 1,000. Ilikuwa ndefu kuliko zote zilizowahi kujaribiwa kwenye mashine ile. Turing alimweleza haraka namna ya kuitumia mashine, kisha akamwacha nayo peke yake usiku kucha.

Kulipokucha programu ilikuwa inafanya kazi. Ilipofika mwisho, kipaza sauti cha mashine kilipiga wimbo wa taifa wa Uingereza. Mashine ilikuwa na amri ya kutoa mlio, iliyokusudiwa kumjulisha opereta jambo fulani. Strachey alikuwa ametambua kwamba kwa kuirudia amri hiyo kwa vipindi tofauti angeweza kupata noti tofauti. Mwaka huohuo shirika la BBC lilirekodi mashine hiyo ikipiga nyimbo tatu. Rekodi hiyo ni ya zamani kuliko zote zinazojulikana kubaki za muziki wa kompyuta, na mwaka 2016 watafiti wa New Zealand waliirekebisha ili isikike kwa noti zake sahihi.

Mwaka 1952 Strachey aliandika pia programu iliyotunga barua fupi za mapenzi. Ilichukua sentensi zenye nafasi tupu na kuzijaza kwa maneno yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katika orodha. Wengi waliiona kuwa kichekesho, lakini ni miongoni mwa majaribio ya awali kabisa ya kuifanya kompyuta itunge maandishi. Mbinu yake, yaani umbo la maneno lenye nafasi za kujazwa, ilirudi baadaye katika kazi yake ya makro.

Kazi katika shirika la utafiti

Habari za mwalimu wa shule aliyeiongoza mashine ya Manchester kwa usiku mmoja zilimfikia Lord Halsbury, mkuu wa Shirika la Taifa la Kuendeleza Utafiti. Alimpa Strachey kazi, naye akaanza mwezi Juni 1952.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa Kanada. Chuo Kikuu cha Toronto kilikuwa kimenunua kompyuta ya Ferranti Mark 1, na wahandisi walihitaji kujua jinsi maji ya mto St Lawrence yatakavyopanda na kushuka baada ya kujengwa njia mpya ya meli. Strachey aliandika programu ya mahesabu hayo.

Aliporudi Uingereza alishiriki katika usanifu wa kompyuta ya Ferranti Pegasus, iliyoanza kutolewa kwa wateja mwaka 1956. Strachey alisisitiza kwamba mashine isanifiwe kwa kumfikiria mtu atakayeiandikia programu. Pegasus ilisifiwa kwa urahisi wake wa kutumika.

Mwezi Juni 1959, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Paris, alitoa makala juu ya kugawana muda wa kompyuta. Alieleza namna programu kadhaa zinavyoweza kukaa ndani ya mashine moja, ili mtu mmoja arekebishe programu yake kwenye meza ya kuongozea huku kazi za wengine zikiendelea. Wamarekani, hasa John McCarthy, walikuwa na wazo lililokwenda mbali zaidi, la watumiaji wengi kuitumia mashine moja kwa pamoja, na ndilo lililoenea. Hata hivyo makala ya Strachey ni miongoni mwa maandishi ya kwanza juu ya jambo hilo.

Mwaka huohuo aliacha ajira, akawa mshauri wa kujitegemea akifanyia kazi nyumbani kwake London. Alimwajiri kijana Peter Landin kuwa msaidizi wake, na kumwacha atumie sehemu ya muda wake kutafiti nadharia. Landin akaonyesha jinsi lugha za programu zinavyoweza kuelezwa kwa kalkulasi ya lambda, yaani mfumo wa kihisabati uliobuniwa na Alonzo Church katika miaka ya 1930. Kwa muda fulani, utafiti huo uliokuja kuwa msingi wa somo zima ulilipiwa kutoka mfukoni mwa mshauri mmoja.

CPL

Mwaka 1962 Strachey alihamia Cambridge, katika Maabara ya Hisabati iliyoongozwa na Maurice Wilkes. Maabara ilikuwa ikipata kompyuta mpya, Titan, na ilihitaji lugha ya kuiandikia programu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha London waliungana nao, na lugha ikaitwa CPL. Miongoni mwa waliofanya kazi na Strachey walikuwa David Barron na David Hartley wa Cambridge, pamoja na John Buxton na Eric Nixon wa London. Sifa kuu za lugha hiyo zilichapishwa mwaka 1963.

CPL ilikuwa na malengo makubwa. Ilitakiwa ifae kwa hesabu za sayansi, kwa kazi za ofisi, na kwa kuandika programu za kuendesha mashine yenyewe. Ilitakiwa pia iwe na msingi safi wa kihisabati. Matokeo yake lugha ilikuwa kubwa kuliko nguvu za watu wachache waliopewa kuijengea kompaila, yaani programu inayotafsiri lugha ya binadamu mwandishi kuwa amri za mashine. Miaka ilipita na kompaila kamili haikupatikana.

Mwaka 1967 Martin Richards, aliyekuwa mwanafunzi katika mradi huo, alichukua sehemu ndogo ya CPL na kuijenga kuwa lugha iliyoitwa BCPL. Kutoka BCPL, Ken Thompson wa Bell Labs nchini Marekani alipata lugha ya B, na kutoka B mwenzake Dennis Ritchie alitengeneza lugha ya C mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa njia hiyo lugha ambayo haikukamilika imeacha alama katika sehemu kubwa ya programu za dunia ya leo.

Jenereta ya makro

Mradi wa CPL ulizaa kitu kingine ambacho kilikamilika. Ili kusaidia kazi ya kuandika kompaila, Strachey alitengeneza programu iitwayo GPM, akaieleza katika makala iliyochapishwa mwaka 1965.

Makro ni jina linalosimama badala ya maandishi mengine. Mwandishi anaandika jina, na kabla ya programu kutafsiriwa, jina hilo linaondolewa na maandishi kamili yanawekwa mahali pake. Makro zilikuwapo kabla ya Strachey. Waandishi wa amri za mashine walizitumia kufupisha kazi, na mwaka 1960 Douglas McIlroy wa Bell Labs alikuwa ameandika juu ya kuziingiza katika lugha za juu. Jambo jipya katika GPM lilikuwa udogo wake pamoja na ujumla wake. Haikufungwa na lugha yoyote, kwani ilipokea mfululizo wa herufi na kutoa mfululizo wa herufi.

Kanuni zake ni chache. Makro huitwa kwa alama §, ikifuatwa na jina lake, kisha vijazo vilivyotengwa kwa mkato, na mwisho nuktamkato. Ndani ya maandishi ya makro, alama ~1 huonyesha mahali pa kijazo cha kwanza, ~2 pa kijazo cha pili, na kuendelea. Maandishi yaliyowekwa kati ya alama < na > huachwa kama yalivyo, ila alama hizo zenyewe huondolewa. Kwa mfano, mtu akiandika

§DEF,SALAMU,<Shikamoo ~1>;

atakuwa ameeleza makro mpya iitwayo SALAMU. Baada ya hapo akiandika §SALAMU,Mwalimu; GPM itatoa maneno Shikamoo Mwalimu.

Uwezo wa GPM unaonekana zaidi pale makro zinapoitana. Kijazo chenyewe kinaweza kuwa na mwito wa makro nyingine, na maandishi ya makro yanaweza kuita makro tena. Hapo linatokea tatizo ambalo kila mtengenezaji wa kichanganuzi maneno hukutana nalo: programu inasoma herufi kutoka mahali pamoja, mara inatakiwa iache, isome maandishi ya makro, ndani yake ikute makro nyingine, kisha irudi kila mahali ilipoachia bila kupotea. Strachey alilitatua kwa kutumia rundo. Kila mwito mpya huwekwa juu ya mwito uliotangulia, kama sahani zinavyopangwa, na mwito ukimalizika huondolewa ili ulio chini yake uendelee.

GPM haikuwa na amri maalumu ya kusema kama hiki basi kile. Strachey alionyesha kwamba haihitajiki. GPM hutafuta jina kuanzia maelezo ya karibuni zaidi, na maelezo yaliyotolewa ndani ya vijazo vya mwito hudumu kwa muda wa mwito huo tu. Tuseme mtu anataka kujua kama maneno mawili yanafanana. Analifanya neno la kwanza kuwa makro inayotoa jibu la hapana, kisha neno la pili kuwa makro inayotoa jibu la ndiyo, halafu analiita neno la kwanza. Kama maneno ni tofauti, GPM itapata hapana. Kama yanafanana, maelezo ya pili yatafunika ya kwanza, nayo itapata ndiyo. Programu nzima iliyofanya yote haya ilitosha katika amri 250 za mashine.

Strachey alitambua pia hasara ya njia hii. Msomaji wa maandishi ya GPM huhitaji uangalifu mkubwa, na kosa dogo la alama huweza kubadilisha kila kitu kinachofuata.

Oxford

Baada ya kukaa kwa muda katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani mwaka 1965, Strachey alikwenda Oxford na kuanzisha Kikundi cha Utafiti wa Programu. Kilikuwa kikundi kidogo, na makao yake yalikuwa katika nyumba ya Banbury Road. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia na vitendo havipaswi kutenganishwa: anayetunga nadharia bila kuandika programu hukosea kuhusu mambo yaliyo muhimu, na anayeandika programu bila nadharia hujenga vitu asivyovielewa. Pamoja na Joe Stoy alitengeneza mfumo mdogo wa kuendesha kompyuta ulioitwa OS6, ulioandikwa kwa BCPL.

Mwezi Agosti 1967 alitoa mihadhara mjini Copenhagen, Denmark, juu ya misingi ya lugha za programu. Hapo alieleza mambo ambayo sasa yamo katika vitabu vya kufundishia. Alitofautisha thamani ya kushoto na thamani ya kulia. Mtu akiandika kwamba x iwe x kuongeza 1, x ya kushoto ina maana ya sanduku la kuwekea, na x ya kulia ina maana ya kilichomo sandukuni. Alitofautisha pia aina mbili za polimofizimu, yaani hali ya jina moja kufanya kazi kwa vitu vya aina nyingi. Katika aina ya kwanza kanuni moja hutumika kwa vyote, na katika ya pili kila aina ya kitu ina kanuni yake chini ya jina lilelile.

Mihadhara hiyo haikuchapishwa wakati wa uhai wake. Nakala zake zilipitishwa kutoka mkono hadi mkono kwa zaidi ya miaka 30, hadi zilipochapishwa mwaka 2000. Ndivyo ilivyokuwa kwa kazi zake nyingi. Strachey alichelewa kuandika na hakupenda kutoa jambo ambalo bado aliona lina dosari, kwa hiyo alichapisha machache ukilinganisha na aliyoyajua.

Semantiki ya denotesheni

Swali lililomshughulisha zaidi katika miaka yake ya mwisho linaweza kuelezwa kwa urahisi: programu ina maana gani? Jibu la kawaida lilikuwa kwamba maana yake ni yale ambayo mashine hufanya inapoiendesha. Strachey hakuridhika, maana mashine ni nyingi na zinatofautiana. Alitaka kila kipande cha programu kipewe kitu cha kihisabati kinachosimama kama maana yake, na maana ya programu nzima ipatikane kutokana na maana za vipande vyake.

Kwa kusudi hilo alitumia kalkulasi ya lambda, lakini kulikuwa na pengo. Hakuna aliyejua kwa hakika kama mfumo huo, ambamo fanksheni inaweza kupewa fanksheni yoyote pamoja na yenyewe, una msingi halali katika hisabati. Mwaka 1969 alikutana mjini Vienna na Dana Scott, mtaalamu wa mantiki kutoka Marekani, ambaye alilikosoa jambo hilo waziwazi. Strachey alimkaribisha, na Scott akakaa Oxford katika miezi ya mwisho ya mwaka huo. Alikusudia kumwonyesha Strachey kwamba msingi huo haupo, lakini mwezi Novemba akagundua namna ya kuujenga. Kutokana na ushirikiano huo ilizaliwa semantiki ya denotesheni, na makala yao ya pamoja ilitoka mwaka 1971. Mwaka huohuo Strachey alipewa cheo cha profesa. Alikuwa pia mwanachama wa chuo cha Wolfson.

Kifo

Mwishoni mwa mwaka 1974 Strachey alikamilisha, pamoja na Robert Milne, insha ndefu waliyoiwasilisha kushindania Tuzo ya Adams ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Hawakupata tuzo hiyo. Wakaanza kuigeuza insha kuwa kitabu. Wakati huo Strachey alishikwa na ugonjwa uliodhaniwa kuwa homa ya manjano ya kawaida ya ini. Alipata nafuu kwa muda mfupi, kisha hali ikabadilika, akafariki mjini Oxford tarehe 18 Mei 1975 kwa ugonjwa wa kuambukiza wa ini. Alikuwa na umri wa miaka 58. Milne aliendelea na kazi peke yake, na kitabu kilitoka mwaka 1976 kikiwa na majina ya wote wawili. Kikundi cha Oxford kilipata kiongozi mpya mwaka 1977, Tony Hoare.

Urithi

Wazo la GPM lilivuka bahari mapema. McIlroy alitembelea maabara ya Strachey mwaka 1968, na aliporudi Marekani yeye na wenzake walitengeneza programu kadhaa za makro kwa mfano wake. Mwaka 1977 Brian Kernighan na Dennis Ritchie walitoa m4, ambayo bado hutumika katika kompyuta za mfumo wa Unix na jamaa zake.

Matatizo ambayo GPM ilikabiliana nayo yamebaki katika zana zilizofuata. Tatizo kubwa ni kwamba makro hubadilisha maandishi bila kujali sarufi. Mwandishi akieleza kwamba JUMLA ni 2+3, kisha akaandika JUMLA*4, atatarajia 20. Lakini baada ya maandishi kubadilishwa, kinachofika kwa kichanganuzi sarufi ni 2+3*4, na jibu lake ni 14. Ndiyo maana wanaofundisha lugha ya C huwaonya wanafunzi wao wazungushie mabano maandishi ya makro.

Hali hiyohiyo inaonekana katika zana zinazotengeneza vichanganuzi maneno. Mike Lesk na Eric Schmidt wa Bell Labs walitoa zana iitwayo Lex mwaka 1975, mwaka aliofariki Strachey. Ndani yake mtumiaji anaweza kuupa jina muundo wa herufi, kisha akalitumia jina hilo katika kanuni. Lex ililibadilisha jina kwa maandishi matupu. Ikiwa mtumiaji aliweka baada ya jina alama ya kuonyesha kwamba kitu kinaweza kuwapo au kukosekana, alama hiyo ilishika kipande cha mwisho tu cha muundo badala ya muundo wote. Zana ya flex, iliyokuja baadaye, huuzungushia muundo mabano yenyewe. Kwa sababu hiyo kanuni ileile inaweza kukubali maneno tofauti katika zana hizi mbili.

Maisha ya Strachey yanahusu pande zote mbili za jambo hilo. Katika GPM alionyesha ni mengi kiasi gani yanaweza kufanywa kwa kubadilisha maandishi peke yake. Katika kazi yake ya Oxford alitafuta kile ambacho maandishi peke yake hayawezi kutoa, yaani maana. Lugha nyingi zilizotungwa baada yake zimeacha makro za herufi na kuchukua makro zinazoheshimu muundo wa programu, na baadhi ya istilahi zinazotumika katika somo hili zilitokana na mihadhara yake ya mwaka 1967.